Diazepamu na saa zake mbili

Diazepamu ina saa mbili, na si ile saa mbili ya kukimbilia matatu. Saa yake ya kwanza ni ya ubongo, nayo huhesabiwa kwa dakika: ikidungwa mshipani hufika kichwani ndani ya dakika moja hadi tatu, na nusu saa baadaye nguvu yake ya kukata kifafa imeshaanza kulegea. Saa ya pili ni ya mwili mzima, nayo huhesabiwa kwa siku. Mgonjwa ameamka, amekunywa chai, anadhani dawa imeisha, kumbe nyingi ingali ndani, imejificha kwenye mafuta ya mwili. Makosa mengi yanayofanywa na dawa hii nyumbani hutokana na kuchanganya saa hizo. Watu huiogopa pale dakika zinapohesabika, kisha huizoea pale ambapo haikutakiwa kukaa.

Maelezo haya ni ya mkazi wa Nairobi ambaye tayari ameandikiwa dawa hii, yeye mwenyewe, mtoto wake au mzazi wake. Vipimo vilivyomo ni vya kukusaidia kuielewa karatasi ya daktari na kushtuka ikiwa kuna kosa. Si vya kujiandikia dawa.

Ni dawa gani

Ni ya ukoo wa benzodiazepini, pamoja na lorazepamu, klonazepamu, alprazolamu na midazolamu. Ilitokana na kazi ya mkemia Leo Sternbach katika kampuni ya dawa ya Roche, ikaanza kuuzwa mwaka wa 1963 kwa jina la Valium, na wazee wengi huiita hivyo mpaka leo hata pakiti ikiwa na jina jingine kabisa. Hutuliza wasiwasi, huleta usingizi, hulegeza misuli iliyokaza na hukata kifafa. Pia hufuta kumbukumbu ya yaliyotokea wakati ikifanya kazi. Sifa hiyo ya mwisho humfaa daktari anayetaka mgonjwa asikumbuke kipimo chenye maumivu. Wezi wa baa pia wanaijua, na tutawafikia.

Kazi zote hizo zina chanzo kimoja. Ubongo una kemikali yake ya kupunguza mwendo, iitwayo gaba. Ichukue kama breki ya gari. Diazepamu yenyewe haikanyagi breki. Inachofanya ni kuifanya ishike kwa nguvu zaidi kila dereva anapoikanyaga. Pombe nayo inasukuma breki hiyo hiyo. Dawa za jamii ya afyuni, kama tramadoli, kodeini na mofini, hupunguza msukumo wa kupumua kwa njia nyingine. Ukizikusanya pamoja, gari linasimama, na kinachosimama ni pumzi.

Hospitalini hutumika kwa kifafa kisichokatika, kwa pepopunda, na kwa mtu aliyezoea pombe kila siku akaiacha ghafla, akaanza kutetemeka na kuona vitu visivyokuwepo. Kwa kifafa cha mimba haitangulizwi: tangu utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka wa 1995, inajulikana kwamba salfeti ya magnesiamu huzuia mishtuko kurudi vizuri kuliko diazepamu. Mama mjamzito akishikwa, usitafute kidonge. Tafuta gari la kwenda hospitali.

Sasa ile hesabu ya siku. Nusu ya diazepamu hutoka mwilini kwa muda wa saa 20 hadi 50 hivi. Ini linapoivunja, huzaliwa kitu kingine, desmetildiazepamu, ambacho nacho kinafanya kazi na hukaa hata kuliko mzazi wake. Tuseme mtu anameza miligramu 10 kila usiku, na mwili wake unahitaji siku mbili kutoa nusu. Usiku wa kwanza ana 10. Usiku wa pili, akishameza, ana 17. Wa tatu, 22. Ikifika wiki mbili ana karibu 34 kila anapomeza, na hapo hatujahesabu desmetildiazepamu. Kidonge ni kile kile, lakini mtu anayetoka kitandani asubuhi ya siku ya kumi na nne hayuko sawa na yule wa siku ya kwanza. Akiwa ni mwendesha bodaboda, au fundi wa kupanda jukwaa la mjengo, hesabu hii si ya darasani.

Mtoto akishikwa na degedege

Hapa ndipo saa ya dakika inapotawala, na hapa ndipo tutakaa zaidi.

Degedege la homa huwapata watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5. Mara nyingi hukatika lenyewe kabla ya dakika tano na halihitaji dawa yoyote ya kulikata. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kutazama saa, ya ukutani au ya simu, na kuikariri. Kwa macho ya mzazi, dakika moja ya degedege ni kama kumi. Asiyetazama saa humpa mtoto dawa mapema mno, au humweleza daktari muda usio wa kweli.

Mlaze ubavu, kichwa kikiinama kidogo ili mate na matapishi yatoke. Legeza nguo shingoni. Sogeza jiko, birika na meza. Usimshike mikono kwa nguvu, usimwagie maji, usimpake mafuta ya taa, usimnusishe kitunguu, na usimtie kijiko mdomoni: ulimi haumezwi, lakini meno huvunjika na kijiko hukwama. Wapo wanaoamini bado kwamba degedege ni ndege anayepita juu ya nyumba, na kwamba mtoto aliyeguswa naye akidungwa sindano atakufa. Imani hiyo imewachelewesha wengi. Sindano haimuui. Kinachomuua ni ugonjwa ulioleta homa, kama homa ya uti wa mgongo au malaria, au sukari iliyoshuka mwilini, wakati watu wamekaa kusubiri.

Ikipita dakika tano na bado anatetemeka, diazepamu ya njia ya haja kubwa ina kazi. Nyumbani hutolewa na mzazi aliyeandikiwa na daktari na kuonyeshwa kwa mkono jinsi ya kuitoa. Kwa kawaida ni mzazi wa mtoto mwenye kifafa, au aliyewahi kushikwa kwa muda mrefu. Kama hukuandikiwa, ruka aya zifuatazo, toka nyumbani uelekee kituo cha afya kilicho karibu.

Kipimo kinachotumika katika hospitali zetu kwa njia hiyo ni miligramu 0.5 kwa kila kilo ya mtoto. Mshipani ni 0.3 kwa kilo, polepole kwa dakika nzima, na hiyo ni kazi ya mhudumu wa afya peke yake. Mtoto wa chini ya mwezi mmoja hapewi diazepamu, huanzishiwa fenobabitoni, dawa nyingine ya kifafa.

Ampuli ya kawaida ina miligramu 10 ndani ya mililita 2, yaani miligramu 5 kwa kila mililita. Kwa ampuli hiyo hesabu inakuwa nyepesi: mililita 0.1 kwa kilo. Mtoto wa kilo 10 ni mililita 1. Wa kilo 12 anahitaji miligramu 6, ambazo ni mililita 1.2. Kosa linalojirudia ni kuchanganya miligramu na mililita. Aliyeambiwa "moja nukta mbili" akadhani ni miligramu humpa mtoto huyo sehemu moja tu ya tano ya dawa, kisha husema dawa imekataa. Mwombe daktari aandike vyote viwili, miligramu na mililita, pamoja na uzito wa mtoto na tarehe. Uzito wa mwaka jana haufai. Mpime upya kila kliniki, kipimo kirekebishwe.

Kama umepewa tyubu iliyotengenezwa maalum, yenye miligramu 5 au 10, kazi ni rahisi zaidi. Kama ni ampuli, fuata hivi:

1. Mlaze mtoto kwa ubavu wa kushoto, au kifudifudi mapajani mwako.
2. Gongagonga shingo ya ampuli ili dawa ishuke, izungushie kitambaa au pamba, kisha ivunje ukiielekeza mbali nawe. Dawa iwe angavu; ikiwa na ukungu au chembe, usiitumie.
3. Vuta kwa bomba dogo la sindano, la mililita 1 au 2. Bomba la mililita 10 halina alama ndogo za kutosha kupima 1.2. Kama bomba lako ni la mililita 1 na kipimo kimezidi hapo, tumia mawili.
4. Toa hewa, hakikisha umebaki na kipimo chako, kisha ng'oa sindano. Ing'oe mapema uiweke mbali. Katika taharuki watu husahau hatua hii.
5. Paka jeli kidogo kwenye ncha ya bomba. Iingize taratibu sentimita 4 hadi 5 ndani ya tundu la haja kubwa. Tyubu maalum kwa mtoto wa chini ya kilo 15 huingizwa nusu ya shingo yake tu.
6. Sukuma dawa. Ikiwa ni tyubu, endelea kuibana mpaka umeitoa nje, la sivyo itajinyonyea dawa yenyewe.
7. Yabane makalio ya mtoto pamoja kwa dakika chache. Andika saa uliyompa.

Degedege likiendelea dakika tano baada ya hapo, au likirudi, usirudie nyumbani. Dozi ya pili hutolewa palipo na oksijeni na mtu anayejua kumpulizia mtoto pumzi kwa mfuko. Sababu ni kwamba dozi mbili zinaweza kuzima pumzi, hasa kwa mtoto anayemeza fenobabitoni kila siku. Ikiwa kinyesi kimetoka na dawa, vilevile usirudie: hujui kiasi kilichokwisha kuingia.

Baadaye atalala, na kulala si kupona. Mwache ubavuni, mfunue kifua, utazame kinavyopanda na kushuka kwa nusu saa nzima ya kwanza. Kukoroma kwa kukwama, midomo kuwa ya buluu, au mapumziko marefu kati ya pumzi na pumzi ni dharura. Asipewe maji, uji wala dawa ya homa ya kumeza hadi aamke kabisa na kukujibu.

Hata akiamka salama, apelekwe hospitali kutafuta chanzo cha homa, na daktari aambiwe saa na kiasi cha dawa. Ikiwa mmerudi karibuni kutoka Kisumu, Busia au Pwani, mtaje safari hiyo. Malaria ya Nairobi mara nyingi ni ya kuletwa na msafiri. Kwa gari la wagonjwa, piga 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Wakikawia, teksi ni bora kuliko bodaboda, kwa sababu mtoto aliyelala usingizi wa dawa akibanwa katikati ya watu wawili shingo humwinamia kifuani na pumzi hukatika njiani bila mtu kujua.

Sasa njia ambazo hazifai. Kidonge mdomoni mwa anayetetemeka humpalia, na hata kikimezwa huchukua kati ya nusu saa na saa moja na nusu kufikia kilele. Sindano ya msulini huuma na hufyonzwa bila utaratibu. Kwa diazepamu, njia ya haja kubwa huipita kwa haraka. Bomba lililojazwa tangu asubuhi "liwe tayari" nalo si tayari: diazepamu hung'ang'ania plastiki, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyopungua. Acha dawa ndani ya kioo chake mpaka dakika unayoihitaji. Usiiongeze maji, usiichanganye na dawa nyingine ndani ya bomba moja. Itaganda kama maziwa yaliyoharibika.

Vidonge: wasiwasi, usingizi, mgongo

Kwa wasiwasi mkali wa mtu mzima, kuanza na miligramu 2 mara tatu kwa siku ni kawaida. Kwa misuli ya mgongo iliyojikaza hutolewa kiasi kama hicho kwa siku chache. Mzee hupewa nusu, wakati mwingine chini ya hapo. Muda wote, pamoja na wiki za kupunguza, usizidi wiki mbili hadi nne. Wiki nne si za kubahatisha: mwili huzoea uwezo wa kulaza ndani ya wiki chache, na kuanzia hapo mtu anameza ili asijisikie vibaya.

Kwa kukosa usingizi kwa miezi, hii si dawa sahihi hata kama usiku wa kwanza ilionekana kama muujiza.

Bahasha za maduka ya dawa hapa mjini huandikwa "1x3" au "1x2". Maana yake ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku, wala si vitatu kwa mkupuo. Lakini bahasha isiyotaja miligramu haijasema lolote, maana vidonge vya diazepamu huja vya 2, 5 na 10. Aliyezoea viwili vya miligramu 2, akauziwa vya 10 kwa sababu vya 2 vimeisha, akameza viwili kama kawaida yake, amejiongezea mara tano. Uliza mbele ya dirisha: "Hiki ni miligramu ngapi?" Na usibadilishane vidonge na jirani kwa sababu ni vya ukoo mmoja. Miligramu 10 za diazepamu zinalingana takribani na miligramu 1 ya lorazepamu, au nusu miligramu ya alprazolamu. Nambari ndogo kwenye pakiti haimaanishi dawa nyepesi.

Asimezeshwe mtu mwenye pumzi fupi sana, anayekabwa na pumzi usingizini, mwenye ini lililochoka, mwenye ugonjwa wa misuli wa mayastenia, au mwenye shambulio la ugonjwa wa macho uitwao glakoma ya pembe finyu. Mjamzito wa miezi ya mwisho akiitumia mara kwa mara anaweza kuzaa mtoto mlegevu, mzito kunyonya. Anayenyonyesha amwambie daktari, kwani hupita kwenye maziwa, na mtoto hulala hadi anakosa uzito.

Nyanya au babu aliyeanzishiwa dawa hii hahitaji mahubiri, anahitaji taa. Wengi huanguka usiku wakienda msalani, miguu ikiwa milegevu na akili nzito, na nyonga iliyovunjika katika umri huo hubadilisha maisha ya nyumba nzima. Acha taa ya njiani ikiwaka, ondoa mkeka unaoteleza, mweke karibu na choo, na umuulize daktari kama dawa hiyo inahitajika kweli.

Anayeendesha chombo chochote asiendeshe akiitumia. Kumbuka zile 34.

Usiyoichanganya nayo

Pombe ya aina yoyote, ya chupa, ya kipimo au ya kibuyu, iwe mbali, na si kwa usiku ule tu. Dawa ingali ndani kesho na keshokutwa. Hivyo hivyo tramadoli na dawa za kikohozi zenye kodeini. Tangu 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani imelazimisha onyo kali zaidi kuwekwa kwenye pakiti kuhusu kuchanganya jamii hizo mbili. Dawa za mafua zinazoleta usingizi, kama klofeniramini ambayo kila nyumba huiita Piriton, huongeza uzito wa kichwa.

Kuna dawa ambazo hazilewi lakini huzuia ini lisiivunje diazepamu, ikabaki nyingi kuliko ulivyomeza: omeprazoli na simetidini za vidonda vya tumbo, flukonazoli ya fangasi, na ritonaviri ya virusi vya UKIMWI. Nyingine hufanya kinyume. Anayetumia rifampisini ya kifua kikuu huichoma diazepamu haraka, akalalamika haimsaidii. Hatari yake iko mbele: akimaliza dawa za TB, ini likirudia mwendo wake wa zamani, kipimo kilichokuwa kimeongezwa kinageuka kikubwa mno. Pelekea daktari dawa zako zote ndani ya mfuko mmoja, hata zile za kununua mwenyewe.

Kuiacha baada ya miezi

Usiiache kwa siku moja. Mwili uliozoea breki iliyoongezewa nguvu umekwisha kuongeza mafuta upande mwingine. Breki ikiondolewa ghafla gari huruka. Hutokea kukosa usingizi, jasho, mikono kutetemeka, masikio kuvuma, wasiwasi kupita ule wa mwanzo, na kwa wengine kifafa kwa mtu ambaye hakuwahi kuwa nacho. Na kwa kuwa diazepamu hutoka taratibu, dhiki hii inaweza kuchelewa, siku kadhaa hadi wiki tatu. Mtu aliyejisifu wiki ya kwanza kuwa ameacha bila shida hushangaa wiki ya pili, wala hahusishi mambo hayo mawili.

Punguza kwa karibu asilimia 5 hadi 10 kila wiki mbili hadi nne, daktari akijua. Mfano wa anayemeza miligramu 10 kila usiku kwa mwaka: ashushe miligramu 1 kila baada ya wiki mbili hadi afike 5. Hizo ni hatua tano, wiki 10. Kuanzia 5 ashushe nusu miligramu, maana 1 kati ya 5 ni sehemu kubwa kuliko 1 kati ya 10. Hizo ni hatua kumi, wiki 20. Jumla ni wiki 30, miezi saba hivi. Anayeahidi kumaliza kwa wiki moja hana habari na dawa anayoizungumzia.

Omba vidonge vya miligramu 2: nusu yake ni 1 na robo yake ni nusu miligramu. Kata kwa kikatio cha vidonge kinachouzwa madukani, si kwa meno. Hatua ikikushinda, kaa pale pale wiki mbili zaidi. Usirudi juu, na usiruke siku ukimeza leo na kuacha kesho. Kidonge cha ziada "cha siku mbaya" ndicho kinachoharibu mpango mzima. Anayetumia kwa siri, au kwa viwango vikubwa, au aliyewahi kushikwa na kifafa, afanyie jambo hili hospitalini; Mathari iliyoko barabara ya Thika ina wahudumu wa kazi hiyo, na simu ya bure ya NACADA, 1192, hupokea maswali ya uraibu.

Kununua na kuhifadhi

Diazepamu imo katika orodha ya dawa za akili zinazodhibitiwa chini ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971, na hapa Kenya sheria ya mihadarati ya 1994 inazihusu. Inauzwa kwa agizo la daktari. Duka lenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu litakudai karatasi na kuweka rekodi, na huko si kukusumbua. Duka lisilokuuliza chochote ndilo la kutiliwa shaka, pamoja na vidonge vilivyomwagwa ndani ya karatasi bila jina. Pakiti iwe na jina la dawa, miligramu, namba ya toleo na tarehe ya mwisho. Ukisafiri, beba nakala ya karatasi.

Ihifadhi mahali pakavu, penye kivuli na chini ya nyuzi 30, mbali na dirisha na jiko. Diazepamu haihitaji friji. Lorazepamu ya sindano ndiyo inayoihitaji, na hiyo ni sababu moja diazepamu ikabaki kutumika vituo vingi. Iwe juu, ndani ya kitu kinachofungwa. Zilizobaki zirudishwe dukani, zisiachwe kabatini zikamtafuta kijana wa nyumba.

Aliyezidiwa, au aliyewekewa mchele

Kinachoitwa mchele katika baa za Nairobi mara nyingi ni dawa ya ukoo huu huu iliyosagwa ndani ya kinywaji. Dalili ni mtu kulewa kupita glasi alizokunywa, ulimi kuwa mzito, miguu kukataa, kisha saa kadhaa asizokumbuka kabisa. Kupotea huko kwa kumbukumbu si uongo wala aibu yake.

Mlaze ubavu, hesabu pumzi, piga simu ya dharura. Usimtapishe, usimpe maziwa wala kahawa. Asiyeweza kujishikilia hupaliwa. Hifadhi glasi au chupa. Omba mkojo uchukuliwe mapema, na umwambie daktari unashuku nini, kwa sababu kipimo cha kawaida cha mkojo hukamata diazepamu vizuri lakini kinaweza kupitwa na flunitrazepamu, lorazepamu na klonazepamu. Jibu la "hakuna" halimfutii mtu alichopitia.

Kinachomsaidia hasa ni njia ya hewa iliyo wazi, oksijeni na uangalizi. Naloksoni huamsha aliyezidiwa na afyuni, si na diazepamu. Dawa inayopingana na diazepamu ni flumazenili, nayo hutumiwa na wataalamu kwa tahadhari: kwa aliyezoea benzodiazepini, au aliyemeza na dawa nyingine zinazochochea kifafa, inaweza kumtupa kwenye mishtuko. Halafu nguvu yake huisha kwa saa moja hivi, diazepamu ikiwa bado na siku zake. Mgonjwa aliyefumbua macho na kuomba kwenda nyumbani anaweza kuzama tena akiwa ndani ya gari, kwa hiyo abaki kitandani wodini hata kama anasisitiza kwamba yuko sawa.